Tangu Lini? Historia ya Kifafa, Dawa Zake, na Hasira Tuliyoiita Pepo

Katika Injili ya Marko, sura ya 9, tunasoma habari za baba aliyemleta mwanawe kwa Bwana Yesu. Kijana alikuwa akianguka chini, akitokwa na povu, na mara nyingi akaangukia motoni au majini. Wanafunzi walijaribu wakashindwa. Waandishi walisimama pale wakibishana nao, na umati ukawazunguka. Katikati ya kelele zile, kabla ya kumponya kijana, Bwana alimgeukia baba na kumuuliza swali moja: hali hii imempata tangu lini? Baba akajibu kwamba ni tangu utoto.

Sisi wahubiri tumezoea kulipita swali hilo haraka ili tufike kwenye muujiza. Lakini Bwana, ajuaye yote, hakuona haya kuuliza habari za mgonjwa kwa mtu anayeishi naye. Tunaandika insha hii kwa sababu sisi, katika usharika wetu hapa Tunduma, tulikuwa na mtoto mgonjwa mbele yetu, na hatukuuliza tangu lini. Tulibishana kama waandishi. Kwa hiyo tumeona ni vema kuwasimulia washarika historia ya ugonjwa huu na dawa zake, kisha tueleze kosa letu, ili lisirudiwe mahali pengine.

Tuanze na jina. Mathayo anapoisimulia habari hiyo hiyo katika sura ya 17, anatumia neno la Kigiriki linalohusu mwezi, kwa kuwa watu wa kale walidhani mwezi ndio uliosababisha kuanguka. Biblia yetu ya Kiswahili inasema wazi kwamba ni kifafa. Tangu zamani, basi, watu wameutazama ugonjwa huu wakatafuta sababu yake juu angani, kwenye miungu au kwa jirani mchawi. Miaka 400 hivi kabla ya Kristo, katika maandiko ya Wayunani yanayohusishwa na tabibu Hippocrates, ilisemwa kwamba ugonjwa ulioitwa mtakatifu si mtakatifu kuliko mwingine wowote, na kwamba chanzo chake ni ubongo. Maneno hayo yaliandikwa mapema, lakini dunia ilichelewa kuyasikia.

Leo tunajua kwamba kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Chembe za ubongo huwasiliana kwa umeme mdogo sana, na umeme huo ukilipuka pasipo utaratibu, mtu huanguka, hutetemeka, au hukaa akitazama mbali kwa muda bila kujua yuko wapi. Hauambukizwi kwa mate, wala kwa povu, wala kwa kumshika mgonjwa aliyeanguka. Sababu zake ni nyingi: mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, ajali ya kichwa, na nyingine ambazo madaktari hawazigundui.

Kwetu Songwe ipo sababu moja ambayo inafaa kutajwa kanisani bila aibu, nayo ni minyoo aina ya tegu itokanayo na nguruwe. Mwaka 2013, wakati Mbozi ilikuwa bado sehemu ya Mkoa wa Mbeya, kabla mkoa wetu haujaanzishwa mwaka 2016, yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanyika katika vijiji 13 vya wilaya hiyo. Kati ya watu 830 waliopimwa damu, takriban mtu mmoja kati ya sita alionekana kuwa na maambukizi ya mabuu ya tegu mwilini. Mtu akila nyama ya nguruwe isiyoiva yenye chembe nyeupe kama mchele, tegu hukua tumboni mwake. Mtu huyo akijisaidia vichakani, au asiponawa mikono baada ya kutoka chooni, mayai ya tegu huingia katika maji, mboga na chakula cha wengine. Mayai yakimezwa, mabuu huweza kusafiri mpaka kwenye ubongo, na hapo kifafa huanza. Kwa hiyo hata mtoto ambaye hajawahi kuonja nyama ya nguruwe anaweza kuugua kwa sababu ya choo cha jirani. Wengi wetu tunafuga nguruwe ili kulipa ada za shule. Kumfungia nguruwe bandani, kuchimba choo na kuivisha nyama ni njia za kumpenda jirani.

Sasa tuje kwenye tiba, na hapa kanisa letu la Kilutheri lina historia yake, yenye mema na mabaya.

Mwaka 1867 huko Bielefeld, Ujerumani, Wakristo walifungua nyumba ya kuwatunza watu wenye kifafa, ambao wakati ule walifichwa majumbani au kufungiwa pamoja na wahalifu. Mwaka 1872 kazi hiyo ilikabidhiwa kwa mchungaji Friedrich von Bodelschwingh. Miaka mitatu kabla ya hapo, yeye na mkewe walikuwa wamezika watoto wao wanne katika muda wa majuma mawili. Mtu aliyepitia msiba kama huo hakuhitaji kufundishwa maana ya kukaa karibu na mtoto anayeteseka. Mahali pale paliitwa Betheli, yaani nyumba ya Mungu, pakakua pakawa kama mji, wenye nyumba, mashamba na karakana, ambamo wagonjwa waliishi, walifanya kazi na kuabudu.

Mkono wa Betheli ulifika hadi kwetu. Katika milima ya Usambara, mahali paitwapo Lutindi, palianzishwa mwaka 1896 makao ya watoto waliookolewa kutoka utumwani. Mwaka 1904 makao hayo yakawa hospitali ya wagonjwa wa akili, ya kwanza ya namna yake katika Afrika Mashariki, kwa huduma ya watumishi waliotoka Betheli. Hospitali ya Lutindi ipo mpaka leo chini ya KKKT, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, na wagonjwa wake hufanya kazi za mikono kama njia ya kuponywa.

Hata hivyo tusijisifu. Ujerumani hiyo hiyo ilipoingia mikononi mwa Wanazi, sheria ya mwaka 1933 iliwaorodhesha wenye kifafa cha kurithi miongoni mwa watu wa kuhasiwa ili wasizae. Taasisi za kanisa nazo zilishiriki, na Betheli yenyewe haikukwepa. Kanisa linaweza kumfungulia mgonjwa mlango kwa miaka 60, kisha likasahau kwamba amebeba sura ya Mungu.

Katika nyumba kama zile za Betheli wagonjwa walitunzwa, lakini dawa ilikuwa nini? Mwaka 1857 tabibu Mwingereza Charles Locock alieleza kwamba chumvi iitwayo bromaidi ya potasiamu ilipunguza kuanguka kwa baadhi ya wagonjwa wake. Kwa zaidi ya miaka 50 hiyo ndiyo ilikuwa dawa kuu ya kifafa. Ilisaidia wengi, lakini wagonjwa walilipa gharama. Walipata vipele, walilala mchana, walipumbaa, wengine wakawa wakali au wakaona vitu visivyokuwapo. Hali hiyo ikawa na jina lake katika vitabu vya tiba. Tunalitaja jambo hili ili msomaji aone kwamba tangu dawa ya kwanza kabisa iliyofanya kazi, watu walijua kuwa inaweza kugusa moyo na tabia ya mtu, maana inafanya kazi ubongoni, na ubongo ndio unaobeba hasira, furaha na usingizi wetu.

Mwaka 1912 daktari kijana, Alfred Hauptmann, alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya Freiburg. Inasimuliwa kwamba chumba chake kilikuwa juu ya wodi ya wenye kifafa, na kelele zao za usiku zilimkosesha usingizi. Aliwapa dawa mpya ya usingizi iliyoitwa Luminal, yaani fenobabitoni, akaona jambo ambalo hakulitarajia: walianguka mara chache zaidi, hata mchana. Hivyo ndivyo ilivyopatikana dawa ambayo mpaka leo hutolewa katika vituo vingi vya afya vya nchi yetu. Hauptmann alikuwa Myahudi. Mwaka 1938 alikamatwa na kupelekwa kwenye kambi ya Dachau, kisha akafanikiwa kukimbilia Marekani. Nchi iliyonufaika na ugunduzi wake ilimfukuza.

Fenobabitoni ni ya bei nafuu, hunywewa mara moja kwa siku, na Shirika la Afya Duniani limeiweka mbele kwa nchi zenye kipato kidogo. Nguvu yake tuliiona katika nchi yetu wenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1950 daktari mwanamke kutoka Norwei, Louise Aall, ambaye baadaye alijulikana kama Jilek-Aall, alifika Mahenge, wilayani Ulanga, miongoni mwa Wapogoro. Aliwakuta watu wenye kifafa wakiishi pembeni, wakila peke yao, wengi wakiwa na makovu ya moto, kwa kuwa walipoanguka jikoni watu waliogopa kuwagusa. Mwaka 1960 alianzisha kliniki, akaanza kuwapa fenobabitoni. Watu waliokuwa wamekatiwa tamaa walirudi mashambani na katika familia zao.

Lakini historia ya Mahenge ina sura ya pili. Miaka 30 baadaye, yeye pamoja na daktari Mtanzania, Henry Rwiza, waliwatafuta wagonjwa 164 waliotibiwa pale mwanzoni. Zaidi ya 100 walikuwa wamekwisha kufariki, na zaidi ya nusu ya vifo vilihusiana na kifafa chenyewe: kuanguka mfululizo bila kuzinduka, kuzama majini, kuungua moto. Tunaomba msomaji akae na hesabu hiyo kidogo, kwa maana yale tutakayosema sasa juu ya ubaya wa dawa yasomwe kwa kuikumbuka Mahenge. Ugonjwa usiotibiwa unaua.

Tunarudi Tunduma. Wanaoujua mji wetu wanajua jinsi ulivyo: malori yamepanga foleni kuelekea Nakonde, wabadili fedha, mama ntilie, vijana wanaovuka mpaka asubuhi na kurudi jioni. Miaka kadhaa iliyopita, katika usharika wetu, binti wa miaka 15 alikuwa katika darasa la kipaimara. Aliimba kwaya ya vijana, sauti ya pili. Alianguka mara ya kwanza shuleni, mara ya pili ibadani wakati wa matoleo. Baadhi ya washarika walihama benchi. Tuliomba, tukamshauri mama yake ampeleke hospitali, na kwa hilo tunamshukuru Mungu, kwa maana tulidhani tumekwisha kufanya sehemu yetu. Binti alipewa dawa. Kuanguka kukakoma. Mama alitoa sadaka ya shukrani mbele ya usharika, na sisi tukahubiri juu ya yule baba wa Marko 9.

Baada ya miezi miwili au mitatu mama alirudi ofisini. Alisema, "Baba Mchungaji, mwanangu haanguki tena, lakini huyu si mwanangu." Binti aliyekuwa mpole alimjibu kwa ukali, alivunja sahani, alimpiga mdogo wake. Baada ya hasira alilia hata usiku wa manane. Aliacha kwaya. Alilala darasani. Siku moja alisema ni heri angekufa siku ile alipoanguka shuleni.

Tulimsikiliza mama, kisha tukafanya nini? Wazee wa kanisa waligawanyika. Mmoja alisema ni utundu wa umri, achapwe. Mwingine alisema pepo aliyetolewa kwa njia ya kifafa amerudi kwa njia ya hasira, akataja lile fungu la pepo mchafu anayerudi na wenzake saba. Sisi wachungaji, ambao tulisoma theolojia miaka mingi na ambao tungepaswa kujua zaidi, tulichagua njia ya katikati: tulimwita binti, tukamwonya juu ya kuwaheshimu wazazi, tukamwekea mikono, na tukamsimamisha kipaimara mpaka tabia itakapobadilika. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza tangu lini. Tungeuliza, mama angejibu: tangu dawa ilipoanza, na zaidi tangu ilipoongezwa.

Mama alijibu swali hilo peke yake, nyumbani. Aliona kwamba mabadiliko yalikuja na vidonge, naye akafanya alichoona ni cha busara: akavitupa. Siku chache hasira ilipungua. Kisha kifafa kilirudi kwa nguvu kuliko mwanzo, na binti aliangukia jiko la mkaa. Mkono wake wa kulia una kovu mpaka leo. Sisi tulimwonya mtoto aliyekuwa anazama, na mama yake akabaki peke yake kufanya uamuzi ambao hata daktari huufanya kwa uangalifu.

Hospitalini alikopelekwa baada ya kuungua, muuguzi wa zamu, mama wa makamo, aliketi kando ya kitanda akauliza: "Huyu mtoto alianza dawa lini? Na hasira ilianza lini?" Aliziandika tarehe hizo mbili moja chini ya nyingine. Sisi tuliokuwa tumesimama pale na Biblia mkononi tulilisikia swali la Bwana kutoka kinywani mwake.

Baada ya hapo tulianza kusoma na kuwauliza wahudumu wa afya. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Kwanza, jambo hili si jipya wala si la kwetu tu. Mwaka 1987 madaktari wa Pittsburgh, Marekani, walichapisha uchunguzi wa watoto na vijana wenye kifafa. Kati ya 15 waliotumia fenobabitoni, 6 walikuwa na ugonjwa wa huzuni kubwa, ilhali kati ya 24 waliotumia dawa nyingine, kabamazepini, alikuwa mmoja tu. Tofauti katika mawazo ya kujiua ilikuwa kubwa vivyo hivyo. Ni kundi dogo, na si kila uchunguzi umekubaliana nalo. Mwaka 2007 huko Bangladesh, watoto 108 walilinganishwa kwa dawa hizo hizo mbili, na tabia zao hazikutofautiana sana. Kwa hiyo hatusemi kwamba kila kijana atakayeimeza fenobabitoni atabadilika. Wengi hawabadiliki. Tunasema kwamba wapo wanaobadilika, na anayebadilika hastahili kuitwa mwenye pepo.

Pili, dawa hazifanani. Fenobabitoni huweza kuleta usingizi, uzito wa mawazo na huzuni, na kwa watoto wengine, kinyume chake, utukutu na ukali. Levetirasetamu, dawa ya miaka ya karibuni, ni nzuri kwa wengi, lakini hasira za ghafla ni miongoni mwa mambo ambayo madaktari huyaangalia kwa anayeitumia. Kabamazepini mara nyingi haisumbui sana tabia, ingawa ina hatari zake nyingine. Sodiamu valproeti inaweza kumharibu mtoto aliye tumboni, hivyo wasichana na wanawake wanaoweza kupata mimba hawapaswi kupewa bila kufikiri sana. Ndiyo maana kuchagua dawa ni kazi ya mtaalamu. Si kazi ya jirani, wala ya duka la dawa la upande wa pili wa mpaka.

Tatu, mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari baada ya kukusanya majaribio 199 ya dawa 11 za aina hii. Kati ya kila watu 1,000 waliotumia dawa hizo, takriban 4 walikuwa na mawazo au matendo ya kujiua, na kati ya waliopewa vidonge visivyo na dawa walikuwa 2. Idadi ni ndogo, wala haitoshi kumfanya mtu aache dawa. Inatosha kumfanya mzazi, mwalimu wa kipaimara na mchungaji wawe macho.

Nne, si kila hasira ni ya dawa. Kifafa chenyewe hugusa moyo. Huko Hai, mkoani Kilimanjaro, watoto wenye kifafa walipolinganishwa na wenzao, takriban theluthi mbili walionekana kuwa na matatizo ya tabia, ilhali kwa wenzao ilikuwa kama mmoja kati ya watano. Jeraha lile lile la ubongo linaloleta kifafa linaweza kuleta ukali. Saa au siku za kabla na baada ya kuanguka huweza kuwa za huzuni. Kisha kuna ujana wenyewe, na kuna aibu: kuona benchi likihamwa kwa sababu yako. Tulipomuuliza binti yetu baadaye kilichomuumiza zaidi, hakutaja vidonge. Alitaja siku ile ya matoleo.

Kwa sababu hiyo tarehe ni muhimu. Hasira ikianza au kuzidi katika majuma ya kuanza dawa, kuongezwa dozi au kubadilishiwa dawa, dawa ishukiwe. Ikiwa ilikuwapo kabla, tutafute kwingine. Daftari la shule la kurasa 40 linatosha: siku ya kuanguka, siku ya dawa, usingizi ulikuwaje, moyo ulikuwaje. Mama aendaye kliniki na daftari kama hilo husikilizwa kuliko anayesema tu kwamba mtoto amebadilika.

Na jambo la tano, ambalo tungependa lisomwe kwenye matangazo ya kila usharika: dawa ya kifafa isikatishwe ghafla. Ubongo uliozoea fenobabitoni, ikiondolewa kwa siku moja, unaweza kulipuka kwa kuanguka mfululizo ambako kunaua. Hupunguzwa polepole, kwa majuma au miezi, na mara nyingi dawa nyingine huingizwa kwanza. Hata anayekwenda safari au kwenye mkesha wa maombi na aende na vidonge vyake. Mhubiri anayemwambia mgonjwa atupe dawa ili kuonyesha imani anamjaribu Mungu kwa mwili wa mtu mwingine.

Binti yetu alipunguziwa dawa ya kwanza taratibu, akahamishiwa nyingine. Haikuwa safari ya siku moja. Alianguka mara mbili katika kipindi cha kuhama, na kuna mwezi dawa haikupatikana, ikabidi washarika wachangishane ili ikanunuliwe Mbeya. Lakini hasira ilipungua, usingizi wa darasani ukaisha, na jioni moja mama yake alitupigia simu kutuambia tu kwamba mtoto amecheka. Mwaka uliofuata alipata kipaimara. Kabla ya siku hiyo, sisi wachungaji na wazee tulikwenda nyumbani kwao, tukaketi, tukamwomba msamaha yeye na mama yake. Mzee aliyesema habari za pepo saba ndiye aliyeanza kuzungumza. Binti alinyamaza muda mrefu, kisha akasema amesamehe, lakini hataki kukaa benchi la mbele. Tulimwacha akae anapotaka.

Tumetafakari sana habari za kuhani Eli katika 1 Samweli, sura ya 1. Alimwona Hana akiomba kwa uchungu, midomo ikicheza, akadhani amelewa, akamkemea. Lakini Hana alipojieleza, Eli aliyarudi maneno yake, akambariki. Eli alikosa kwa kuhukumu alichokiona kwa macho. Aliponywa na kosa lake kwa kusikiliza. Tumemkumbuka pia Eliya chini ya mretemu, alipoomba afe. Mungu hakumkemea kwa kukosa imani. Alimpa usingizi, mkate na maji, na baada ya hapo ndipo akazungumza naye.

Siku hizi, kijana wa darasa la kipaimara anapobadilika, tunauliza mambo machache kabla ya kufungua vinywa vyetu kuonya. Je, anatumia dawa yoyote? Mabadiliko yalianza lini? Analala? Na tunamuuliza mwenyewe, faraghani na kwa upole, kama amewahi kufikiri kujidhuru. Tulikuwa tukiogopa kwamba swali hilo lingempandikizia mawazo. Wahudumu wa afya walitufundisha kwamba halipandikizi, bali humfungulia mlango. Akijibu ndiyo, hatumwachi peke yake, dawa nyumbani hutunzwa na mtu mzima, na siku hiyo hiyo anapelekwa hospitali, nasi tunakwenda naye. Maombi hatujayaacha. Tunaomba tukiwa njiani.

Na mtu akianguka ibadani, sasa watu wanajua la kufanya. Wawili humlaza kwa ubavu, mmoja huweka kitenge chini ya kichwa chake, hakuna anayemtia kijiko mdomoni, na mmoja hutazama saa, kwa kuwa ikipita dakika tano bila kukoma ni lazima kukimbilia hospitali. Wengine huendelea kuimba, na benchi halihamwi.

Yule baba wa Injili alilia kwamba anaamini, akaomba asaidiwe kutokuamini kwake. Mama wa usharika wetu aliamini vya kutosha kumleta mtoto wake kwetu mara mbili. Waliohitaji kusaidiwa kutokuamini kwao walikuwa sisi, tusioamini kwamba neema ya Mungu inaweza kufanya kazi kupitia daftari la kurasa 40, muuguzi wa zamu, na swali fupi ambalo Bwana mwenyewe aliliuliza kwanza.